Mzee Habibu Anaiacha Theodolaiti: Nasi Tumwache Apumzike

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Mzee Habibu Zaidi, fundi wa vyombo vya upimaji katika kitengo chetu hapa Dodoma, anastaafu tarehe 30 Juni. Umri wake wa kustaafu ulikwisha timia zamani. Aliongezewa mkataba, si kwa sababu aliomba, bali kwa sababu hatukumwandaa mrithi.

Alitoka Kondoa akiwa kijana, akakabidhiwa theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe inayosimama juu ya miguu mitatu. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Vipokezi vya setilaiti vilipofika, tulidhani imekwisha. Kumbe vipokezi vikiharibika hupelekwa Dar es Salaam na kukaa huko hadi tuvisahau, na theodolaiti ikaendelea kwenda porini.

Kule Mvumi watu walimcheka kwa kukishikia chombo mwavuli huku utosi wake ukiungua. Lakini jua likikipiga chombo upande mmoja, kiputo cha usawa huhama na vipimo hupotoka. Mkewe, Bi Mwanaidi, huwaambia wageni wao pale Nkuhungu: "Mke mwenzangu ana mwavuli. Mimi nafuata maji na jua langu."

Mwaka juzi alikwenda Kondoa kumwoza binti yake. Huku nyuma skrubu za theodolaiti zikagoma, na Yotham, dereva wetu mwenye huruma kupita kiasi, akazimiminia mafuta ya cherehani. Mafuta yakakutana na vumbi letu, yakawa tope. Mzee akapigiwa simu, akaiacha harusi. Alifungua kila kitu, akasafisha kwa spiriti na brashi laini, wala hakufoka. "Yotham, bwana, ungeishonea na suruali kabisa." Tulicheka sana. Bibi harusi aliondoka nyumbani baba yake hayupo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Wakubwa wanauita huo uzalendo. Mimi nauita uvivu wa kupanga. Tumemsifu mtu mmoja ili tusigharamie kuwafundisha wengine. Bi Ritha, mpimaji wetu, ameomba mara kadhaa apelekwe kusomea matengenezo. Jibu ni lile lile: subiri, Mzee yupo.

Sasa nasikia mkataba mwingine unaandaliwa. Nilimwuliza kama anaujua. Akavua miwani, akafuta macho yanayomtoka maji kwa miaka mingi ya kuchungulia kwenye lenzi. "Nimechoka, mdogo wangu. Lakini wakinipigia nitakuja. Nitafanyaje?"

Basi wasimpigie. Bi Ritha aende akasome. Na kama theodolaiti italala stoo hadi arudi, ilale.

Mzee Habibu, ahsante kwa kazi, na utuwie radhi kwa ile harusi. Mungu akupe afya na siku tulivu pamoja na Bi Mwanaidi. Tukikupigia simu kwa jambo lolote lisilo salamu, usipokee.