Neno Lililoandikwa Mlangoni mwa Pikapu

Ndugu zangu, habari za mchana. Wanaoitikia salamu za msikitini na wanaoitikia za kanisani, nyote nimewasalimu kwa pamoja, maana chai tumekunywa kutoka birika moja. Mwenyekiti aliniomba nisimame hapa mbele. Nikamwambia kusimama ndiko kunakonishinda, kwa hiyo mtaniwia radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Majina sitaji, hata langu. Wanaonijua wananijua.

Najua wengi mnadhani nimekuja kueleza habari za mguu. Mguu nitaugusia, lakini kilicholeta balaa nyumbani kwangu ni mkono.

Mimi ni mtu wa Tanga, na hapa Tottenham, London, nimekaa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kusafirisha vifaa vya ujenzi: mbao, saruji, masinki, chochote. Nilikuwa na pikapu ndefu kwenda juu, magurudumu makubwa, kiti chake kinampita mtu mzima kiunoni. Nikiwa ndani naona mapaa ya magari ya wenzangu. Nilikuwa naringa nayo, sifichi.

Asubuhi moja, watoto wanapita kwenda shule, niliegesha nje ya duka la vifaa nikashuka kufunga turubai. Injini niliiacha inanguruma. Wakaja wanaume wawili. Mmoja akaparamia usukani, nikamkamata shati kupitia dirishani. Wa pili alikuwa na bomba la chuma. Ndugu zangu, nawaambia, mlio wa chuma kwenye mfupa ukiusikia mara moja huusahau. Alinipiga goti la kulia, akarudia pale pale, na pigo la tatu sikuliona, nilisikia tu. Na mimi kwa ubishi wangu sikuachia. Yule wa ndani akaondoa gari, nikaburutwa mpaka viatu vikanitoka, kisha nikaanguka, na gurudumu la nyuma la gari langu mwenyewe likanipanda nyongani. Hawakufika mbali, walibamiza ukuta wakatoka mbio. Pikapu ilivunjika taa moja. Mimi ndiye niliyeharibika.

Nilikaa hospitali miezi. Nikatoka na magongo mawili, mguu wa kulia haukunjiki wala hauna nguvu, nyonga ya kushoto imejaa skrubu. Na nikatoka na ugonjwa mwingine ambao daktari hakuuandika popote. Nililichukia neno "pole".

Mnajua desturi yetu. Mtu akipata tatizo unampa pole, anajibu "nimeshapoa", maisha yanaendelea. Hata ukijikwaa barabarani, mtu ambaye hajakugusa anakupa pole. Wazungu wanashangaa, wanauliza mbona unaomba radhi, kwani ni wewe uliyeniangusha? Ni neno zuri jamani. Lakini kila aliyekuja kitandani na mfuko wake wa machungwa akasema "pole", mimi nilisikia "umekwisha". Nikaacha kuitikia. Namkodolea mtu macho mpaka anaanza kutafuta koti lake.

Nyumbani nilianza na sahani. Kisha milango. Halafu, na hili ni gumu, mnivumilie, nikafika kwa mke wangu.

Pikapu ilikuwa chini ya ghorofa letu na nilikataa kuiuza. Siku moja nikasema nataka tu kukaa ndani, niushike usukani. Mke wangu akanisukuma kutoka nyuma, bega lake chini ya makalio yangu, kama wapakizi wanavyosukuma gunia kwenye lori. Majirani wamejaa vibarazani wanatazama. Gongo likateleza, nikamwangukia. Yeye ndiye aliyelaliwa, yeye ndiye aliyeumia, na bado akasema, "Pole, mume wangu." Nikachukua gongo nikampiga nalo mkononi. Mkono ukavunjika. Hospitali akasema ameanguka kwenye ngazi, na mimi nimekaa pale pembeni nimemshikia mkoba.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mitano. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, ndio watoto wetu wa huku. Lakini siku hiyo alitafuta Kiswahili akakipata. "Baba, ukipiga Mama tena, mimi naita polisi." Na mama yake, mkono uko kwenye plasta, akasema, "Mimi sitangoja polisi. Ukiinua hilo gongo tena, juu yangu au juu ya mtu yeyote, naondoka na mtoto. Sitasema mara mbili."

Nikaapa. Niliapa vizuri sana, hata machozi yalitoka.

Badala ya kuutafutia mkono dawa, nikaitafutia pikapu fundi. Nilijidanganya kwamba nikirudi barabarani hasira itakwisha yenyewe. Kwenye kituo cha kupima madereva walinishauri nitafute gari dogo, la chini. Nikakataa kata kata. Mtu mmoja akanielekeza kwa fundi wa Neasden anayebadilisha magari ya walemavu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, akaletwa huku na wazazi wake akiwa kijana. Kiswahili chake cha dukani Mwanza hakijachuja hata kidogo. Mimi nina miaka hamsini, lakini ananiita kijana.

Alinipima kama fundi cherehani, kiuno mpaka goti, bega mpaka kiganja. Akauliza, "Kilo ngapi wewe?"

Nikasema themanini.

"Kijana, kiti hakijui aibu. Ukikidanganya kitakudondosha."

Nikasema mia moja na tano. Mke wangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu niumie.

Mzee akatueleza kazi yake. Kiti cha dereva kingetoka nje ya mlango kwa mota, kishuke mpaka usawa wa magoti, nikae, kisha kinipandishe na kuniingiza ndani. Kando ya usukani kungekuwa na wenzo: ukiusukuma ni breki, ukiuvuta ni mafuta. Kwenye usukani kifundo cha kuuzungusha kwa mkono mmoja. Pedali zifunikwe, ule mguu usije ukazikanyaga bila habari. "Gari refu ni taabu mara mbili," akasema, "lakini litakubali."

Baada ya wiki kadhaa akatuita twende tukakijaribu kiti. Tulipofika alikuwa nyuma ya gereji ananawa mikono. Pikapu iko mlango wazi. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na utepe mweupe, umeandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa: POLE. Chini yake mshale, umeelekea kwenye kiti changu.

Jamani, muda wote huo na yule mzee tunaongea Kiswahili. Nami nikasoma Kiswahili. Nikaona amenibandikia huruma kwenye gari langu mwenyewe, kila nikipanda niisome.

Niliegemea bodi, nikaanza na kioo cha pembeni. Kikaruka. Nikaja dirisha, mara mbili, likamwagika lote. Mzee akatoka mbio, mikono inachuruzika maji, anapiga kelele, "Acha! Wewe, acha!" Nikageuka na gongo nikamshindilia kichwani. Akapiga magoti sakafuni, damu ikashuka kwenye nyusi, ikaingia kwenye ndevu nyeupe. Nikainua tena. Mke wangu akaingia katikati. Alifumba macho, akatanguliza mkono ule ule niliouvunja.

Hapo gongo lilibaki hewani. Nyuma yake mzee akanyanyuka, akaenda kwenye meza yake ya kazi, akarudi na bomba la chuma.

Ndugu zangu, mkojo ulinitoka. Siwafichi. Niliiona ile asubuhi ya Tottenham mbele yangu. Nikajikunja pale kwenye bodi, nikafunika kichwa, nikasema, "Usinipige, tafadhali usinipige." Nayasema hayo huku gongo lenye damu ya mtu liko mkononi mwangu.

Hakunipiga. Alinipita, akalisimamisha lile bomba penye utepe. Likakaa sawasawa kati ya matundu mawili ya skrubu. Alikuwa amelizungushia mpira mweusi, unene wake wa kiganja changu, kile alichokipima mwenyewe. Akaligonga kwa kidole, damu inadondoka kwenye shati. "Poul!" akasema, akilitamka Kizungu. "Poul! Nguzo! Ya wewe kushika ukipanda! Nimemwandikia mchomeleaji, yeye hajui Kiswahili!"

Chekeni, ruksa. Kwa Kiingereza neno hilo ni nguzo, linaandikwa hivyo hivyo. Na mimi nalijua, nimebeba nguzo za majukwaa ya ujenzi London hii mpaka mabega yakachubuka. Lakini siku hiyo nilikuwa natafuta wa kumpiga, na mtu anayetafuta wa kumpiga atapata sababu hata kwenye utepe.

Mke wangu alimwitia mzee gari la wagonjwa, akamkandamizia kitambaa kichwani mpaka likafika. Kisha akachukua mkoba wake. Kwangu alisema neno moja tu, "Nilikwambia." Kabla jua halijatua, yeye na binti walikuwa Thamesmead kwa dada yake.

Polisi walikuja gerejini, kesi ikaenda, adhabu nikaitumikia. Hayo siyarefushi, niliyataka mwenyewe. Kilichonivunja ni simu aliyonipigia yule mzee kabla hata ya kesi, nyuzi bado ziko kichwani.

"Gari nitalimaliza," akasema. "Kazi nilishaikubali."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Natengeneza gari. Hayo ni mambo mawili. Na funguo sikupi wewe. Mtu anayepiga watu kwa fimbo, nimkabidhi tani mbili za chuma barabarani? Nampa mkeo. Akiona unafaa, atakupa yeye."

Funguo zikaenda Thamesmead. Nilipandwa na hasira, nikainua gongo, nikatazama huku na huku. Nyumba tupu. Hakuna wa kumpiga. Nikakaa sakafuni nikaanza kujihoji. Dereva wa basi alinifungia mlango usoni kwenye mvua, sikumpiga. Daktari alinidunga sindano nikapiga yowe, sikumpiga. Askari kijana kabisa aliniambia "kaa hapo," nikakaa. Nilizoea kusema hasira inanipofusha. Uongo mtupu. Hasira yangu ilikuwa inaona vizuri na inachagua. Ilimchagua mwanamke aliyenibeba na mzee aliyenijengea kiti.

Ndipo nilipokuja kwenye kikundi hiki. Wakongwe mnakumbuka, wiki nne nilikaa kimya, nakula sambusa zenu tu. Wiki ya tano nilisema. Na mlichonifanyia ni kwamba hakuna aliyenipa pole. Mama mmoja, simtaji, aliniuliza, "Na mkono wa mkeo ulipona vizuri?" Nikagundua sijawahi kuuliza.

Nikaenda nyumbani nikapiga simu Tanga, nikaomba wakwe zangu wakae wote wasikie. Nikawaambia, mkono wa binti yenu niliuvunja mimi, hakukuwa na ngazi yoyote. Shemeji yangu alinitukana tusi ambalo sitalirudia mbele ya kina mama. Nikasikiliza mpaka akachoka. Kisha nikampigia binti yangu nikamwambia vile vile, nikamwambia siku ile angekuwa na haki kuita polisi. Akakata simu. Hata hilo nililistahili.

Ulipita mwaka mzima na zaidi. Siku mke wangu aliponipigia, alisema tu, "Njoo gerejini Jumamosi." Nilimkuta na mzee, wamesimama mbali kidogo na mimi, kovu la mzee limekata unyusi mmoja vipande viwili. Mke wangu akanipa ufunguo mmoja. Wa pili akautia mkobani. "Huu unabaki kwangu," akasema. Nikajibu sawa. Kiti kikatoka kikanguruma, kikashuka, nikakaa, kikanipandisha, nikaishika ile nguzo. Nililia, ndugu zangu. Mzee akanionya nisilie gari likiwa limewashwa, sitaona barabara. Nikazunguka naye uwanjani mara tatu, nikisukuma pale pa kuvuta, anafoka, "Breki hiyo, kijana! Breki!" Mke wangu alirudi kwa basi. Alisema hayuko tayari kukaa kando yangu, na aliniambia akinitazama usoni.

Sasa nimalize, wenye zamu za jioni wawahi. Namshukuru yule mzee, ambaye mpaka leo hajasema amenisamehe na sijamwomba tena. Nawashukuru nyinyi kwa swali lile. Namshukuru binti yangu, ambaye siku hizi hunijibu ujumbe, kwa Kiingereza, maneno matatu. Fundisho langu ni dogo. Kama umeumizwa, umeumizwa kweli, hakuna anayebisha. Lakini usimwonyeshe mwenzako kovu lako ili umnyamazishe wakati unampiga. Na wewe unayepigwa, usitunge ngazi. Sema. Hapa utasikilizwa.

Mke wangu yuko hapa leo, amekaa kule nyuma. Kwa mara ya kwanza amepanda pikapu pamoja nami, kutoka Thamesmead mpaka hapa. Njia nzima mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Niliuona. Nikaendesha.