Kupita Bila Kukaa

Mimi ni fundi cherehani. Benchi la kijiwe liko chini ya dirisha langu, kwa hiyo upuuzi wote unaosemwa pale nausikia ukiwa bado wa moto. Jioni hiyo walikuwepo wale wale: Kocha, dereva mstaafu ambaye hajawahi kukimbiza hata kuku, na Daktari, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya koti lake jeupe. Katikati yao birika la kahawa. Walikuwa wanamsubiri Mbio. Mbio ni mlinzi wa ghala. Shuleni alikuwa hashikiki, kisha akaketi getini miaka na miaka mpaka tumbo likamtangulia. Msimu wa joto ulipoanza, meneja mpya akatangaza kwamba ukiisha, walinzi wote watakimbia kuuzunguka ukuta wa ghala mpaka apulize filimbi. Atakayesimama kabla ya filimbi, kazi hana. Mbio ana mke, ana watoto, ana mama anayeumwa. Akaanza mazoezi, akawa anauzunguka mtaa wetu, na kijiwe kikajiteua kuwa mwalimu wake. Kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mbio akatokea kwenye kona ya duka la dawa, amevaa koti la baridi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kidevu.

Kocha: Huyo anakuja! Kaa, kaa kwanza.

Mbio: Niache nimalizie, kaka, pumzi ndiyo inafunguka.

Kocha: We! Utupite hivi hivi kama milingoti? Hiyo dharau. Hapa hapapitwi.

Mbio akakaa. Ndivyo ilivyokuwa msimu mzima. Kijiweni kwetu ukipita bila kukaa umewatukana watu, na anayekimbia naye hasamehewi. Kila mzunguko Mbio anakaa, anapewa kikombe, anafundishwa, ndipo anaruhusiwa kunyanyuka.

Daktari: Maji umekunywa?

Mbio: Kidogo tu.

Daktari: Umeshaharibu! Maji ukiyanywa huku unakimbia, yanashuka magotini. Goti likijaa maji, mguu unaelea.

Kocha: Achana na maji. Kinachomponza ni hilo koti moja. Avae mawili. Mafuta ya tumbo yanataka moto, yayeyuke.

Daktari: Yakiyeyuka yanakwenda wapi?

Kocha: Kwenye viungo! Ndiyo grisi yenyewe. Nimezeekea kwenye lori, leo kinyozi unanifundisha grisi?

Daktari: Basi mimi ningekuwa yeye, ningekimbia kinyumenyume. Hilo tumbo limezoea kutangulia. Likijikuta liko nyuma, litakata tamaa lenyewe.

Kocha: Hapo umesema. Na leo asilale chali. Alale amesimama, ameegemea kabati. Ukilala chali pumzi yote inamwagika.

Mbio: Jamani, jana kifua kilinibana. Kilinibana kweli.

Daktari: Safi kabisa! Hiyo ni nguvu inaingia, inatafuta pa kukaa.

Nikatoa kichwa dirishani, uvumilivu umeniishia.

Mimi: Mtamuua mwenzenu.

Kocha: Fundi, we shona.

Mbio akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Mikononi mwa hao watu alikuwa ameyaweka maisha yake, na wao walikuwa wanamimina kahawa. Nilisikia hasira, na nilimwonea huruma zaidi kwa sababu alikuwa anawaamini.

Hapo ndipo mkewe akatokea, anarudi kutoka kazini kwake kwa dobi, vidole vimekunjamana kwa maji. Siku zote hupita upande wa pili wa barabara. Leo alivuka.

Kocha: Karibu, shemeji! Mumeo tumemnoa huyu. Kesho vijana watakula vumbi lake.

Mke: Asanteni, shemeji zangu. Kwa hiyo anakimbia vizuri?

Daktari: Hajakosa hata siku moja. Jua kali, yumo.

Mke: Na kila akifika hapa anakaa?

Kocha: Lazima akae, shemeji. Adabu.

Mke: Haya. Na kesho kule ghalani, atakaa wapi?

Aliuliza kwa upole, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua kweli. Kocha akafungua kifuniko cha birika, akachungulia ndani. Daktari akajikuna shingo. Mimi nilisimamisha cherehani nisikie jibu.

Mbio akaweka kikombe chini, akavua koti, akampa mkewe.

Mbio: Hebu nijaribu.

Akaondoka mbio. Alipozunguka mara ya kwanza, Kocha akainua mkono kumwita, mke akamtazama, mkono ukashuka. Mbio akatupita bila kukaa. Nilimwona usoni mwake, kwa kitambo kidogo, yule kijana wa shuleni, na nikajikuta nimesimama kwenye kiti changu nikimshangilia.

Tukamsubiri mara ya pili. Tukasubiri mpaka Daktari akaacha kujikuna.

Akatokea kwenye kona anatembea. Mkono mmoja kiunoni, mwingine unashika ukuta. Hakuna aliyemwita akae. Alipofika kwenye benchi alilipita, akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akasubiri mpaka pumzi ikamrudia. Suruali yake ya sare ilikuwa mezani, aliniletea juzi kwa furaha kwamba mwili unapungua.

Mbio: Fundi, hiyo suruali usiipunguze kiuno.

Mimi: Kwa nini tena, ndugu yangu?

Mbio: Sijui atakayepewa ana mwili gani.