Swichi Kumi na Moja Zilizosubiri Utepe

Mgeni rasmi, Bapak Mkurugenzi, pamoja na ujumbe wako. Wakuu wa vijiji vya bonde la Kaliwening. Akina mama mliopika tangu jana:

Sisi mafundi na walinzi wa vituo vya kupimia maji ya mto tunakukaribisha. Tarehe ya ujio wako ilisogezwa mara tatu, na mto haukupewa taarifa.

HISTORIA

Mwaka jana tuliletewa swichi kumi na moja za mtandao, kila kituo moja, za kupeleka vipimo vya maji kwenye chumba cha tahadhari kinachopiga ving'ora vijijini. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Ila swichi hizo hutoka kiwandani zote na anwani moja ile ile, na neno la siri lililoandikwa hata kwenye boksi. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuipa kila moja anwani yake. Asipofanya hivyo, ni sawa na kuwapa watoto kumi na mmoja jina moja, kisha kumwita mmoja.

Waraka wa ofisi yako ukasema zisiguswe, zibaki kama zilivyotoka kiwandani mpaka mgeni rasmi azizindue. Zikabandikwa lakiri.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mtu mmoja. Bu Sulastri, fundi wetu mkuu, alizunguka siku mbili kwa pikipiki, akabandua lakiri na kuipa kila swichi anwani yake. Kwa wiki tatu ving'ora vililia panapostahili. Kisha akaja mkaguzi wenu.

"Bu, umebandua lakiri kabla Bapak hajakata utepe! Sasa azindue nini?"

"Kwani maji yanasubiri utepe, Pak?"

"Usinijibu hivyo. Hivi ni vitu vya serikali!"

"Na watu wa huku ni wa nani?"

Bu Sulastri alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo kwa kosa la "uharibifu". Mkaguzi akapita kituo kwa kituo na kijiti cha kuchokolea meno, akabonyeza ndani ya kitundu cha nyuma cha kila swichi, zote zikasahau anwani zake na kurudi kama zilivyotoka kiwandani.

CHANGAMOTO

Februari maji yalipanda kijiji cha Watulawang. Chumba cha tahadhari kikasoma kwamba ni kijiji kingine, Sumberjambe. Watu wa Sumberjambe wakakimbilia mlimani jua likiwaka, wakacheka, wakarudi. Watulawang hawakusikia kitu. Bibi yetu Mbah Ratmi, mwenye miaka themanini na moja, alikaa saa sita juu ya magunia ya mpunga, maji yakiwa kiunoni. Hajatembea tena.

Baada ya hapo tukaandikiwa barua: kwa nini mafundi "hawakuchukua hatua"? Bapak, barua ile ilituchoma. Aliyechukua hatua mlimsimamisha kazi. Sisi tuliobaki tuliomba ruhusa mara nne, tukaambiwa tusubiri uzinduzi, na tukasubiri kwa sababu tuna watoto wa kusomesha. Tunaona haya kulisema mbele ya watu wa Watulawang waliokaa pale nyuma.

OMBI

Tuna ombi moja. Bu Sulastri yuko getini. Walinzi wa geti wamemzuia kwa kuwa jina lake halimo kwenye orodha ya waalikwa. Tunaomba uende mwenyewe ukamwingize, umrudishie kazi yake, umruhusu akaziguse swichi.

Tumpeng, ule mlima wa wali wa manjano wa sherehe, iko mezani, na kilele chake ni chako kwa heshima zote. Lakini kile kitufe chekundu ulichowekewa ubonyeze kuzindua swichi tumekikagua asubuhi. Waya wake unaishia kwenye spika ya jukwaa hili. Haufiki mtoni.

Mungu akujalie afya, na awalinde wa nyumbani kwako kama tunavyomwomba awalinde wetu. Na mvua iliyoanza milimani saa mbili zilizopita, tunamwomba aizuie mpaka ufike getini.

Imesomwa na Tarmuji, kwa niaba ya
Mafundi na Walinzi wa Vituo vya Maji, Bonde la Kaliwening