Ufa wa Chumba cha Watoto

Mbele yangu kwenye basi, mama mmoja fundi cherehani alimgeukia jirani yake aliyekuwa akisahihisha madaftari ya hesabu.

"Samahani, mwalimu. Mwanangu aliambiwa shuleni apime kitu cha nyumbani kinachobadilika, kisha akadirie mwisho wake. Wenzake wakapima maharage yanayoota. Wangu akapima ufa wa ukuta wa chumba anacholala na mdogo wake."

Mwalimu akacheka. Mama hakucheka.

"Kila Ijumaa na rula yake. Juzi kaniambia, mama, mwisho wa mwezi mkono wangu utapenya. Baba yake anasema ukuta haujui hesabu."

Mwalimu akafunga daftari. "Hayo ni makadirio tu, dada. Mtoto amechukulia kwamba ufa unapanuka sawasawa kila wiki. Ufa hauendi hivyo."

"Kwa hiyo ufa unaweza kuchelewa?"

Mwalimu akafunika kalamu yake; mimi niliyejifanya nasinzia nikafumbua jicho.

"Au kuwahi," akasema. "Nani yuko chumbani humo sasa hivi?"

"Mdogo wake. Nimemwacha amelala."

Basi halijasimama sawasawa, mama alikuwa keshafika mlangoni, viatu mkononi.