Sufuria Iliyozidi

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mgongo wake ukuta wa duka la dawa, na mkono wa kulia mlango wa fundi cherehani. Kabla mtaa haujachangamka, Mama Birika anakuwa ameshatua jiko lake, na wenye benchi wanaanza kujitokeza mmoja mmoja kama watu walioitwa kusikiliza kesi. Breki huwahi kuliko wote. Aliendesha malori miaka thelathini, akastaafu na goti bovu na pikapu moja anayoipenda kuliko wajukuu zake. Hakimu hufuata. Hajawahi kuwa hakimu hata siku moja, alikuwa karani wa mahakama, lakini akaaye na waridi hunukia, na hukumu anazitoa mpaka leo. Wa tatu ni fundi cherehani mwenyewe, mwembamba, maneno yake machache, ndiyo maana wanamwita Sindano. Siku tatu alikuwa hajaonekana benchini. Asubuhi hiyo alitoka na kigoda chake, akapokea kikombe, akakaa nacho bila kunywa.

— Kahawa si ya kupashia mikono joto, bwana, Mama Birika alimwambia. Kunywa.

— Nyumbani kwangu kuna sufuria si yetu, alisema Sindano.

— Ya nani?

— Ndiyo ninachotaka kujua.

Breki akasogea. Hakimu akaweka kikombe chini, kama afanyavyo anapofungua kikao.

— Eleza tangu mwanzo, alisema. Usiruke kitu.

Sindano akaeleza. Jumamosi alikuwa ameazima pikapu ya Breki kwenda kumchukua dada yake, yule aliyemlea baada ya wazazi kuondoka. Dada alikuwa ameolewa mbali, mwendo wa saa tano kwa gari, kwenye nyumba ya kiwanda alichofanyia kazi shemeji. Sasa shemeji amefariki, kiwanda kimetaka nyumba yake, na dada ameona arudi kwao. Wakapakia kitanda, kabati, magodoro mawili na maboksi ya vyombo. Wakafunga kamba. Saa ya pili ya safari, kwenye mteremko mrefu, kamba ikakatika.

— Kamba yangu haikatiki, alisema Breki.

— Ilikatika.

— Ilifunguka. Kufunguka ni kitu kimoja na kukatika ni kitu kingine.

— Mwache aseme, Breki, alisema Hakimu. Kamba haina wakili hapa.

Basi vitu vikamwagika, vikasambaa barabarani urefu wa uwanja wa mpira. Kabati lilikwenda kifudifudi. Maboksi yalipasuka, vikombe vikabingirika, mito ikaingia mtaroni. Dada alishuka garini, akasimama. Aliinama akaokota kisahani kimoja, akabaki amekishika, kama vile kilichobaki duniani ni hicho.

— Halafu? Mama Birika aliuliza. Alikuwa ameacha kupuliza mkaa.

— Halafu watu wakaja.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alisimamisha lori lake likakinga barabara, akakata matawi na kuyapanga chini ili magari yanayoshuka yajue kuna jambo. Kisha wakaja waliokuwa wanavuna viazi mlimani, wanawake kwa wanaume, wakishuka mbio na matope miguuni. Hakuna aliyeuliza nyie akina nani. Waliokota mito, waliokota vijiko, kimoja kimoja, kwenye majani. Mwanamume mmoja alikuta picha ya harusi ya dada, akaifuta kioo kwa upindo wa shati lake na kumkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Mwingine alileta kamba yake nzima, akafunga mzigo upya, akakataa kabisa kurudishiwa. Haikufika saa moja, gari likawa limejaa kama lilivyotoka. Watu wakarudi mlimani kwao, dereva akaondoa matawi, akapiga honi, akaenda zake.

— Na tulipofika, dada akapanga vyombo vyake. Vijiko vyote vipo. Kikombe kimoja tu ndicho kilivunjika. Sufuria alitoka nazo nne. Zimefika tano.

 Kupoteza kitu njiani ni habari ya kila siku. Kuzidishiwa kitu ilikuwa habari nyingine.

— Ni huruma, alisema Mama Birika. Mtu kamwona mjane, kampa sufuria. Wapo watu.

— Huruma haina mfuniko, alijibu Hakimu. Ina mfuniko, hiyo sufuria?

— Inao.

— Mnaona. Mtu mwenye huruma hutoa sufuria, mfuniko akabaki nao, kwa sababu mfuniko hufunika hata nyingine. Ukiona mtu katoa na mfuniko, anakimbiza ushahidi. Pale kijijini kuna sufuria imeibwa, mwizi kabanwa, kaona gari linaondoka. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

— Inaingiaje hapo?

— Sufuria tupu inaelea. Jaribu.

Breki alitikisa kichwa muda mrefu, kwa masikitiko ya mtu anayejua zaidi.

— Nyie hamjui barabara, alisema. Mteremko ule naujua. Zamani lilianguka pale lori la vyombo vya dukani, shehena nzima. Sufuria zikaingia ardhini. Mvua ikinyesha zinatoka, mkulima akilima anapiga jembe, inalia kama kengele. Ule mlima unazaa sufuria. Hakuna aliyewapa. Imeokotwa pamoja na zenu.

— Imefukuliwa na kitako cheusi cha moshi? aliuliza Mama Birika. Huko ardhini ilikuwa inapikiwa nani?

— Kuna joto chini ya ardhi. Hilo hata watoto wa shule wanafundishwa.

Sindano akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Ndiyo maana alikuja. Nyumbani alikuwa amekaa na swali lile peke yake likamzidi uzito; hapa angalau watu wanne walilishika kila mmoja pembe yake.

— Wenyewe walikuwa watu wa namna gani? Hakimu aliuliza, akipunguza sauti. Nijibu taratibu. Walikuwa wanavuna viazi, wakaviacha?

— Waliviacha.

— Wote?

— Wote.

— Basi si wakulima. Mkulima gani anaacha viazi vyake akaokote kijiko cha mtu asiyemjua? Wale ni watu wa utafiti. Wanakaa pale wanangoja kamba zikatike, waone wasafiri wanafanyaje. Mnapimwa. Na sufuria ndiyo mtihani wenyewe: wanaihesabia siku, wanataka kuona utairudisha au utapikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ndani ya mfuniko angalia vizuri, aliongeza Breki. Siku hizi wanaweka kidude. Kinasikiliza.

— Kisikilize nini? Maharage yakichemka?

— Mambo ya watu, mama, husemwa jikoni.

Mama Birika alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akamgeukia Sindano, akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza.

— Ilikuwa tupu?

— Hapana. Ilikuwa na vijiko vya dada ndani. Vyote kumi na viwili.

— Na nani aliileta garini?

— Mwanamke mmoja. Wa makamo. Kilemba cha kijani.

— Hakusema kitu?

— Hakusema kitu.

Sindano akanywa kikombe chake kwa mara ya kwanza, na kahawa ilikuwa imeshapoa. Alipowasimulia alikuwa ametoka kwenye lori lililokinga barabara akarukia waokotaji. Alikuwa hajawaambia alifanya nini mwenyewe alipoona watu wanashuka mlimani mbio. Aliona umati, akaona mali ya dada yake yote chini, vitu vya maisha mazima, na akili yake ikamwambia neno moja tu: wanakuja kubeba. Akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa spana ya kufungulia magurudumu. Akasimama nyuma ya pikapu nayo mkononi. Kila aliyeleta kitu alikileta mbele ya spana ile. Hata alipoona vikombe vinarudi kimoja kimoja, hata alipoona picha inafutwa kioo, mkono wake haukuiachia. Na mwanamke wa kilemba cha kijani alipofika, alisita hatua mbili kabla ya kumfikia. Sindano alimwambia, weka humo, weka vyote humo. Akaweka.

Hapo ndipo mama mmoja alipokohoa, si Mama Birika.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi tangu kahawa ya kwanza, mgeni wa mtaa ule, mkoba mapajani, akingoja duka la dawa lifunguliwe. Walikuwa wamempisha, wakamsahau. Hakimu alikuwa anaeleza jinsi matokeo ya utafiti yanavyotumwa.

— Samahanini, alisema. Sikutaka kuingilia. Ila nimeshindwa kuelewa kitu kimoja. Huyo mwanamke aliwapa hiyo sufuria, au mliichukua?

Hakimu akakatiza maelezo yake. Breki akaangalia goti lake.

— Nauliza tu, aliendelea yule mama. Mimi nimewahi kufanya vibarua vya kuvuna. Unakwenda shambani na sufuria yako, chakula chako cha mchana. Nikikuta vijiko vimemwagika na mikono miwili haitoshi, ningevitia humo humo. Halafu ningetaka kurudishiwa changu.

— Sasa si angesema, alisema Breki. Angesema, hii yangu.

— Labda alikuwa na sababu ya kutosema.

 Mlango wa duka la dawa ukafunguliwa nyuma yao, yule mama akainuka, akashukuru kwa kahawa, akaingia ndani na cheti chake. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Hakimu, yakatoka matone mawili ya machicha.

— Nilikuwa na spana, alisema Sindano.

— Spana gani?

— Yako, Breki. Ya magurudumu. Niliishika tangu wa kwanza aliposhuka mpaka wa mwisho alipopanda. Nilidhani wanakuja kuiba. Yule mwanamke akaja na vijiko vyetu ndani ya sufuria yake, nikamwambia weka vyote. Angesemaje ni yake? Ningemwona mwizi.

Wakamwangalia, naye akaangalia kikombe. Hakimu, ambaye alikuwa na methali kwa kila jambo kuanzia ndoa hadi mafua, safari hii hakutoa hata moja. Alinyoosha mkono akamgusa bega, kidogo, akaurudisha.

— Na mimi ningeishika, alisema Breki. Miaka thelathini barabarani, ningeishika. Ndiyo ubaya wenyewe.

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikapu, akauweka juu ya ubao kati yao.

— Mafuta yapo. Sufuria moja haihitaji kamba.

Sindano aliuchukua, akafunga mlango wa duka lake, akaenda nyumbani. Dada alikuwa uani, kanga kiunoni, anachochea kuni. Na juu ya moto, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, ilikuwa sufuria ile, maharage ndani yake yakianza kuguna.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Dada alisikiliza bila kuacha kuchochea.

— Ile spana niliiona, alisema mwishowe.

— Uliiona, dada? Mbona hukuniambia kitu?

— Nilidhani unakaza tairi.

Hilo lilimwingia kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile.  Dada alimtazama kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo amerudi na shati limechanika: hakumkemea, alikuwa anapima tundu.

— Tutampataje? Sindano aliuliza. Jina lake hatulijui.

— Viazi havivunwi siku moja, mdogo wangu. Mteremko tunaujua, kilemba unakijua. Tutauliza. Wale watu hawakutuuliza chochote, sisi tutawauliza wao.

— Basi mimina hayo maharage kwenye nyingine, twende sasa hivi.

— Hapana. Yaive kwanza. Chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Maharage yalikuwa makavu, ya mwaka jana, hayakuwa na haraka na mtu. Sindano akavuta kigoda, akafunua mfuniko, akaongeza maji.