Barafu ya Kusini na Mbegu ya Same

Bisha. Niite mwongo, nitakupeleka kwenye benchi lenyewe: mtaa wa Gerezani, ubavuni mwa karakana ya reli, ubao mmoja umelazwa juu ya mataruma mawili ya chuma. Hapo ndipo tulipomkamata mwenye kuleta ukame wa mwaka huu wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na mimi niliyeikimbia shule darasa la tano nilikuwamo. Nassibu muuza kahawa alikuwa ametua dele lake. Sadalla, tunayemwita Nahodha ingawa melini alikuwa mpakaji grisi wa injini tu, ameshika kikombe. Na Eliasi tunamwita Redio kwa sababu hazimwi.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Redio akaanza. Mawingu tunayaona kila asubuhi. Mvua yenyewe iko wapi?

— Baharini, akajibu Nahodha. Mvua yetu inapikwa baharini. Maji yakipata joto, mvuke unapanda, upepo unatuletea. Yakipoa upande wetu huu, sufuria haichemki.

— Nani kayapoza?

— Hapo sasa! Mimi nimefika kusini kabisa, mahali bahari inaganda mpaka unatembea juu yake. Afisa wetu alikuwa akisema, barafu ile ikitanuka au ikipungua kupita kawaida, pepo zinabadili njia, na joto la bahari linahama. Wenzetu wanapata mafuriko, sisi vumbi.

— Nahodha, nikamchokoza, wewe ulikuwa chini kwenye injini. Barafu uliiona kwa tobo gani?

— Baridi ilinifuata hukohuko, mdogo wangu. Grisi iligoma kutoka koponi.

Redio akasogea.

— Hiyo barafu inaelea?

— Kama milima.

— Basi! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani kaiunda? Mabeberu! Wanatugandishia bahari, halafu wanatuletea unga wa njano.

— Waache mabeberu, nikasema. Angalia pale Feri. Wachuuzi wa samaki kila siku wanamwaga barafu yao majini. Haba na haba hujaza kibaba. Bahari tunaipoza wenyewe! Twende kwa balozi wa nyumba kumi, barafu ipigwe marufuku mji mzima.

Nassibu alicheka hadi akamwagia Redio kahawa mguuni.

Kumbe nyuma yetu alisimama dada mmoja, furushi la kanga kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Karibu kahawa.

Akakaa ukingoni. Akasema anaitwa Elisaria, mtu wa Same, anafanya kazi za nyumbani Upanga, na anasubiri treni ya jioni arudi kwao.

— Nimewasikia, kaka zangu. Sasa hiyo bahari, mwaka huu ina joto au imepoa?

Redio akamgeukia Nahodha.

— Nauliza kwa sababu mama ana mahindi ya mbegu, ameyaning'iniza darini juu ya meko. Ndiyo yaliyobaki. Vuli imetukatalia mara mbili. Watoto wa marehemu kaka wanalala njaa, wanayatazama. Tukiyapanda na mvua isije, tumeyazika. Tukiyala na mvua ikaja, hatuna cha kutia ardhini. Mama ametuma neno: wewe uko mjini, kuna watu wanaojua, waulize.

Nahodha akaweka kikombe chini polepole.

— Mwanangu, mimi nilikuwa napaka grisi tu.

Nassibu akainamisha dele juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoa machicha.

Nikisimulia, huwa naishia hapo, na watu husema: kweli, hakuna aliyejua. Kweli, hakuna. Lakini yuko aliyejibu. Mimi ndiye niliyembebea furushi hadi stesheni, na mlangoni pa behewa akaniuliza tena, safari hii mimi peke yangu. Mchana ule nilikuwa nimeosha miguu pale Feri, kwenye maji ya kina kifupi, jua la saa saba limeyachoma. Yalikuwa vuguvugu. Basi nikamwambia, kwa sauti ya mtu wa mjini:

— Bahari ina joto, dada. Pandeni yote.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Novemba imekwisha. Wanaoshuka treni wanasema Same bado ni vumbi.