Bakshishi ya Fakhria

Nje ya duka la viungo la Naushad, pale Chumbageni, kuna benchi la mbao ambalo miguu yake mitatu ni mizima na wa nne ni tofali. Baada ya sala ya Alasiri, jua la Tanga likishachoka kuwachoma watu, harufu ya iliki na bizari hutoka dukani ikachanganyika na ya kahawa, baiskeli zikapita taratibu utadhani hazina zinakokwenda, na mtu akikaa hapo kidogo tu husahau alichotumwa. Wenyewe ni wale wale. Yupo Naushad, wanayemwita Mizani, kwa sababu hata salamu huipima kwanza ndipo aiitikie. Yupo Hatibu Viza, aliyenyimwa viza mara mbili, na kwa hiyo anazijua nchi za watu kuliko waliozifikia. Yupo Sele Gazeti, ambaye kwake habari haijawa habari mpaka ipite kwenye simu yake. Na yupo Thuwaini bin Qais, mwenye shamba la machungwa Muheza, ambaye kijiweni jina lake ni Chenza. Siku hiyo Chenza alikuwa ameshika kikombe chake mpaka kikapoa. Msafiri, muuza kahawa, ambaye pamoja na jina hilo hajawahi kuvuka Muheza, ndiye aliyeliona hilo mwanzo.

— Mzee Chenza, kahawa yangu leo ina nini?

— Haina kitu. Mimi ndiye nina kitu.

— Mwenye kitu hakisemi kwa Msafiri, akasema Viza. Anakisema kwetu. Haya, kitoe.

Thuwaini akatoa simu. Akabonyeza, na sauti ya binti yake Fakhria ikatoka pale benchini, nyepesi, ya mtu anayetembea huku akiongea.

“Asalaam aleikum, Baba. Umeshakula? Sasa sikiliza. Ukifika, siku ya kwanza sikupikii. Utakuja kula kule mgahawani ninapofanya kazi jioni. Nimeshaiomba ile meza ya dirishani. Mimi mwenyewe ndiye nitakayekuhudumia. Ila usisahau bakshishi, Baba!”

Hapo akacheka, sahani zikagongana mahali fulani, na sauti ikakatika.

Wote walijua kwamba Chenza anasafiri wiki ijayo kwenda Toronto kumwona mwanawe. Walijua pia kwamba Fakhria anasoma huko. Hilo la kubeba sahani za watu ndiyo kwanza walisikie, na kwa kuwa walikuwa na adabu zao, kila mmoja akatafuta pa kutazama. Gazeti akatazama simu yake. Mizani akatazama mizani yake.

— Sasa hapo, akasema Thuwaini, alicheka kweli, au alicheka ili nisijue kwamba hachezi?

— Kuhusu nini?

— Bakshishi, bwana! Nimpe au nisimpe? Nikiacha pesa mezani, nimemfanya mwanangu mtumishi wangu. Nisipoacha, wenzake watasema babake bahili. Nimealikwa siku moja tu, Hatibu. Sitaki kumwaibisha siku hiyo moja.

Aliposema hivyo sauti ilimpanda kidogo, akainywa ile kahawa ya baridi kwa mkupuo mmoja ili aishushe. Mtu aliyemlea binti peke yake tangu mamake alipofariki, halafu akamwona anapanda ndege, hana siku nyingi za kuchezea.

Viza akajiweka sawa. Habari za ng'ambo zikifika benchini, yeye ndiye mwenyewe.

— Yakhe, n'kwambie. Kule bakshishi si hiari. Nina binamu yangu Amerika. Alikula, akalipa, akaacha sarafu mbili mezani, akaondoka. Mhudumu akamfuata mpaka barabarani! “Bwana, kuna kosa gani nimekufanyia?” Binamu akadhani kasahau kofia.

— Hiyo Amerika, akasema Gazeti, kidole kikiteleza juu ya simu. Hapa wanaandika Japani ni kinyume. Ukiacha pesa mezani, mhudumu anakukimbilia akurudishie. Anaona umesahau.

— Kumbe! akasema Msafiri. Ukitoa unakimbizwa, usipotoa unakimbizwa. Mzee Chenza, vaa raba.

Wakacheka, na Thuwaini akacheka nao, ila macho yake yalikuwa yameshaondoka pale. Alikuwa anaiona ile meza ya dirishani. Theluji hajapata kuiona, kwa hiyo nje ya dirisha aliweka pamba za msufi zinazopeperuka. Ndani aliweka taa za manjano. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, na Fakhria akaja, kitaulo begani, mkono mmoja birika la kunawia na mkono wa pili bakuli, kichwa kimeinama kidogo, vile vile alivyokuwa akiingia ukumbini nyumbani kwao wageni wakiwepo. Thuwaini akashangaa. Toronto hakuna birika. Lakini kila alipojaribu kumwondolea lile birika, binti alikuja nalo tena.

— Mimi naona dunia imepinduka, Mizani alikuwa anasema. Dukani kwangu, nikikupimia bizari, kipimo kikikaa sawa, mimi ndiye ninayekutupia kidogo juu. Nyongeza. Muuzaji anampa mnunuzi, na mnunuzi anarudi kesho. Sasa hawa wenzetu mnunuzi ndiye anampa muuzaji nyongeza! Kesho nani atarudi?

— Ndiyo maana wanahamahama, akasema Viza.

— Kwa hiyo, Chenza, akaendelea Mizani, shauri langu ni hili. Chukua iliki, nitakupimia nzuri. Ukimaliza kula, iweke mezani.

— Iliki?

— Iliki. Hiyo si pesa, hujamfanya mtumishi. Wala si bure, hujawa bahili. Mkono mtupu haulambwi.

— Na wenzake watailamba iliki? akauliza Gazeti. Wewe hujui mambo ya sasa. Pesa haiachwi mezani siku hizi. Inaletwa mashine. Unaweka kadi, mashine inakuuliza: asilimia kumi na tano, kumi na nane, au ishirini? Na mhudumu amesimama hapo hapo anakutazama usoni.

— Mwanangu anitazame usoni mimi?

— Ndiyo kazi yake. Na ukibonyeza “hapana”, mashine inalia.

— Hapo umeongeza chumvi.

— Inalia! Na nimesikia nyingine zinapiga picha. Picha inakwenda ubalozini. Hatibu, wewe ulinyimwa viza kwa sababu gani?

Viza akafikiri. Lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifikiria kwa upande huo.

— Pale Dar, akasema polepole, kabla ya kwenda ubalozini nilikunywa soda hoteli moja kubwa. Sikuacha kitu.

— Ehee!

— Wallahi nilimwambia tu yule kijana ahsante.

— Basi ndiyo hiyo. Nani kakuponza? Wewe mwenyewe.

Tangu hapo mazungumzo yakapaa. Viza akasema suluhisho ni Chenza aingie kama mtu baki, amevaa miwani myeusi, aagize chakula kwa ishara, atoe bakshishi ya mtu baki, kisha atoke, azunguke nyuma ya nyumba, arudi kama baba. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako.

— Nile nimefumba jicho?

— Moja tu. Ndiyo faida ya miwani, hawalioni.

Mizani akasema hapana, baba ni baba hata akiwa na miwani. Afadhali Fakhria ndiye ampe babake bakshishi, kwa kumlea. Gazeti akasema kuna nchi, jina lake limemtoka, ambako mgeni na mhudumu huvutana mkono mezani, na anayeshindwa ndiye anayelipa. Viza akaapa kwamba anaijua nchi hiyo, na kwamba mtu wa Maramba aliwahi kushinda huko mpaka akapewa mgahawa mzima.

— Mtumai cha nduguye hufa maskini, akamalizia.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Itaingia tu. Iache ikae.

Thuwaini aliwasikia kwa mbali, kama mtu anavyosikia watu waogao bombani naye yu kitandani. Alikuwa amerudi kwenye meza yake. Safari hii birika lilikuwa limeondoka, na Fakhria ameleta wali, ameleta samaki wa kupaka, ameleta kachumbari kwenye kibakuli kile chenye ufa alichokipenda mamake. Anaweka kila kitu mahali pake. Anasema, “Karibu, Baba.” Kisha anarudi nyuma, anapita pazia la ukumbini, na pazia linaanguka. Ndipo Thuwaini ananyoosha mkono kula. Nyumbani chakula kilikuwa kitamu siku zote, na hilo kila mgeni wake alilisema, naye alijibu, “Alhamdulillahi,” akaona fahari.

— Shikamooni, wazee wangu.

Benchi zima likageuka. Mbele yao alisimama mama mmoja wa makamo, mtandio umeshuka mabegani, begi la safari miguuni. Alikuwa Semeni, mpangaji mpya wa chumba cha juu ya duka la Naushad, ndiyo kwanza anashuka kutoka Maramba, na alikuwa amesimama hapo muda wa kutosha kuzisikia raba, iliki na miwani.

— Marahaba, mwanangu, akasema Mizani, baada ya kuipima. Ufunguo wako upo. Ngoja kwanza, kuna mambo ya Kanada hapa.

— Nimeyasikia. Huyo binti ndiye atakayemhudumia babake?

— Ndiye.

— Ampe chakula, amalizie na matunda, kila kitu?

— Kila kitu, akasema Viza. Kule huduma ni kamili. Swali ni bakshishi tu. Una la kusema?

— La bakshishi sina, mimi sijafika huko, akasema Semeni. Nilikuwa nauliza tu. Yeye mwenyewe, huyo binti, atakula saa ngapi?

Viza akafungua mdomo. Akamtazama Gazeti, na Gazeti akaitazama simu yake, na simu, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, haikuwa na la kusema. Mizani akajikuna kidevu.

— Labda kabla, akasema.

— Au baadaye, akasema Viza. Wanakuwa na saa zao.

Kisha wote, bila kupatana, wakamtazama Thuwaini. Mwenye mtoto ndiye ajuaye.

Thuwaini hakuwatazama. Alikuwa anajaribu kumfuata Fakhria nyuma ya pazia. Aliinuka pale mezani, katika ile ndoto yake ya mchana, akavuka ukumbi, akashika pazia, na upande wa pili hakuona kitu. Alijua kuna jiko, kuna kibao cha mbuzi, kuna dirisha la uani. Lakini binti ameketi wapi, na sahani ipi, na ameanza lini, hakukumbuka hata siku moja. Miaka yote ile, alichokijua ni kwamba chakula kinakuja na vyombo vinaondoka.

— Sijui, akasema.

— Hujui kule? akauliza Mizani.

— Sijui hata hapa.

Msafiri akainamisha dele lake juu ya kikombe cha mgeni. Kahawa ikatoka kidogo, kisha matone, kisha machicha. Alimpa Semeni kikombe hicho hicho, naye akakipokea kwa mikono miwili akakaa juu ya begi lake. Ufunguo ulikuwa umesahaulika.

Simu ya Thuwaini ikalia. Saa hizo ndizo Fakhria hupiga, huku jioni inaingia, kule ndiyo kwanza watu wameamka. Akaiweka sikioni, lakini kwa kuwa masikio yake yamezeeka, huwa ameiongeza sauti mpaka mwisho, na benchi lote likasikia.

— Asalaam aleikum, Baba. Umeshakula?

Swali lilikuwa lile lile la kila siku, na jibu lake la kila siku alikuwa nalo ulimini: nimekula, alhamdulillahi, na huko baridi vipi? Lilishafika kwenye meno. Akalizuia.

— Na wewe? akasema.

Kule hatua za Fakhria zikasimama.

— Baba? Kuna nini? Unaumwa?

— Siumwi. Nakuuliza wewe. Umekula?

Baiskeli moja ikapita, kengele yake ikalia, ikapotelea kwenye kona. Sauti ya Fakhria iliporudi ilikuwa ndogo, imeacha Toronto yote ikarudi kuwa ya nyumba yao ya Chumbageni.

— Bado, Baba. Mimi huwa nakula baadaye.

— Kuna nini hapo ulipo?

— Kuna mkate. Na mayai, nilitaka kuyakaanga.

— Kaanga. Halafu kaa chini, ule. Mimi nipo, sikati simu. Na huyo meneja wako mwambie ile meza ya dirishani ni ya watu wawili. Kama kukaa ukiwa kazini hakuruhusiwi, nitakusubiri mpaka umalize. Sigusi kitu.

— Baba, utasikia njaa...

— Nitasikia.

Likasikika jiko likiwashwa, mafuta yakaanza kutatarika, kiti kikavutwa. Thuwaini akafumba macho, simu sikioni, na safari hii pazia likafunguka lenyewe: aliiona sahani, aliuona mkono, aliona mwanawe anakata mkate. Benchini kila mtu alikuwa ameinama mbele kidogo. Kijiko kikagonga sahani, mbali kabisa, upande wa pili wa dunia.

Viza alivumilia alivyoweza. Mwisho akamsogelea Mizani, akanong'ona:

— Sasa la bakshishi tumeamuaje?

— Nyamaza wewe, akasema Mizani. Mtoto anakula.